Taa Ndogo Tuliyoitoa Kwenye Redio

Kabla hujashika mita, weka kidole.

Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa katika kazi hii, na mpaka leo sijaona la kulitangulia. Finya kitufe cha redio kana kwamba unaongea, vuta pumzi chache, achilia, kisha uguse transista ya mwisho, ile iliyo karibu na antena. Ikiwa ya moto, kuna kitu kinapotea. Betri imetoa nguvu, antena haikuipokea yote, na iliyobaki katikati ndiyo inayokuunguza.

"Joto ni sauti ambayo haikufika," mzee Barasa aliniambia siku hiyo. "Ukilisikia kwa kidole, jua kuna mtu mahali fulani ameita na hakusikika."

Lakini msiguse mkiwa bado mmefinya kitufe. Barasa alikuwa na vidoti vyeupe kwenye ncha za vidole, kama mtu aliyechomwa na sindano ya moto kutoka ndani. Wimbi la redio huunguza hivyo, linaingia ndani kabla ngozi haijajua. Alikuwa akiwaonyesha wateja vidoti hivyo na kuwaambia ndivyo vyeti vyake.

Barasa alikuwa fundi wa redio za polisi. Kazi ilimtoa Bungoma ikamleta Nyeri, na alipostaafu akasema baridi yetu imeshamzoea, akafungua kibanda nyuma ya soko. Mimi nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili na nilikuwa nikirekebisha pasi na redio za jikoni. Nilienda kwake kuazima chuma cha kulehemu. Sikurudi kwenye pasi tena.

Mwalimu wenu wa chuo cha ufundi aliniomba niwaandikie juu ya amplifaya, na jinsi ya kuifanya redio ndogo ya mkononi itumie betri vizuri. Nitaandika ninayoyajua. Lakini siwezi kuyaandika bila kumwandika mke wangu, kwa hiyo mtanivumilia.

Mnajua ua wa umeme unaopita ukingoni mwa msitu, unaowazuia ndovu wasishuke mashambani. Ua huo una watu wake. Kila mmoja ana kipande chake, na kila siku anakitembea kwa miguu akiwa na panga, koleo na redio. Anakata majani yanayogusa waya, anaunga palipokatika. Akifika mwisho wa kipande jioni anaita ofisi: "Ua uko sawa, nimefika." Asipoita, watu wanavaa gambuti na kwenda kumtafuta, kwa sababu kule mabondeni simu hazishiki. Kwa hiyo kazi yangu, ukiiondolea maneno makubwa, ilikuwa moja tu: betri iwe hai mpaka wito wa jioni.

Mke wangu Nyaguthii, mama ya binti yetu Ciru, alikuwa mmoja wa watu wa ua. Ndiye aliyenifanya niione kazi hii kuwa kazi. Hayupo sasa. Nitafika huko.

Redio za kwanza walizokuwa nazo zilikuwa zimenunuliwa zikiwa kuukuu, na zilikuwa walafi. Ukizichaji usiku kucha, saa nane mchana zimenyamaza. Watu wa ua walijifunza kuishi nazo kama watu wanavyoishi na ng'ombe mkavu. Hawakuongea. Walifinya kitufe mara moja bila kusema neno, na ofisini spika ikatoa kimlio kidogo, tshk. Tshk moja maana yake niko. Mbili maana yake njooni. Sauti waliiwekea jioni. Kusikiliza hula betri kidogo, kuongea hula nyingi, na kufinya kwa kitambo cha kupepesa jicho si kitu. Hakuna fundi aliyewafundisha hayo. Waliyagundua wenyewe huko kwenye ukungu, na wageni wakafundishwa na wenyeji mpaka ikawa desturi. Mtu wa ua aliyeongea sana redioni alichekwa: "Huyo ameoa betri."

Nyaguthii akirudi nyumbani alikuwa akiiweka redio mezani mbele yangu, karibu na sahani ya githeri, bila salamu.

"Mtoto wako amekufa tena."

"Alikufa saa ngapi?"

"Nikiwa kwa ule mti wa mwiri uliopigwa na radi. Hata sikuwa nimefika nusu. Baba Ciru, wewe ni fundi wa redio ama wa majeneza?"

Ndipo mimi na Barasa tukaamua kuacha kubadilisha betri na kuanza kubadilisha redio. Tulitoa amplifaya iliyokuwamo na kuunda yetu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kazi. Mmeiona ile mashine ya mkono ya kumenya kahawa, yenye gurudumu zito pembeni. Anayejua kuizungusha hasukumi wakati wote. Anasukuma kidogo mpini ukifika juu, na gurudumu linabeba mzunguko uliobaki. Asiyejua hung'ang'ania mpini mzunguko mzima, jasho linamtoka, na kahawa inayomenyeka ni ileile. Transista nayo ni hivyo. Unaweza kuipanga ikae macho wakati wote, ikinywa betri hata pale ambapo haina cha kufanya. Na unaweza kuipanga ilale, iamke kwa kitambo kifupi, isukume, ilale tena. Koili na kapasita zilizo mbele yake ndizo gurudumu. Zenyewe ndizo zinazougeuza ule msukumo mfupi kuwa wimbi laini linalopanda na kushuka.

Siri iliyobaki ni hii: transista ikiwa imefunguka na umeme unapita, volti juu yake ziwe zimeshuka. Volti zikipanda, iwe imefunga. Umeme na volti vikikutana ndani yake kwa wakati mmoja, hapo ndipo joto linapozaliwa. Unazipanga koili na kapasita mpaka viwili hivyo viwe vinapishana kama watu mlangoni, mmoja akitoka mwingine akiingia. Redio za watu wa ua zinaruhusu jambo hilo kwa sababu sauti imo katika kasi ya kutetemeka kwa wimbi wala si katika ukubwa wake. Simu zenu za sasa ni tofauti. Mawimbi yake hubadilika ukubwa, na ukiyapitisha kwenye transista inayolala utayaharibu. Huko wana mbinu nyingine. Mimi sizijui vizuri na sitajifanya nazijua.

Nilijifunza haya kwa kuharibu. Koili ya amplifaya ni waya uliozungushwa mara chache, na unairekebisha kwa kutanua mizunguko au kuisogeza pamoja. Siku moja niliirekebisha kwa bisibisi. Mita ikapanda vizuri kuliko nilivyowahi kuona. Nikamwita Barasa aje aone, nikaitoa bisibisi, na mita ikaanguka.

Barasa alitazama bisibisi, akanitazama mimi.

"Basi muuzie mteja pamoja na bisibisi," alisema. "Mwambie atembee nayo ikiwa imechomekwa hapo."

Chuma cha bisibisi kilikuwa kimekuwa sehemu ya koili. Tangu siku hiyo nimetumia kijiti cha mwanzi nilichokichonga mwenyewe, na ninyi chongeni chenu.

Kosa la pili lilikuwa la wote wawili. Tuliirekebisha redio mezani, betri imejaa, na mahali pa antena tumefunga kizuizi cha kupimia. Ilikuwa baridi kila tulipoigusa. Tukampa Nyaguthii. Akarudi nayo jioni imekufa kama zile za zamani, na tulipojaribu kuifinya kwa betri nyingine ikawa ya moto kama chai. Hatukuelewa. Mezani tukaipima tena, ikawa sawa.

Yeye ndiye aliyecheka. "Nyinyi mnaipima ikiwa imelala kitandani. Mimi naibeba kifuani, nimevaa koti, na koti limelowa."

Alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua. Mwili wa mtu na nguo zilizolowa huivuta antena, amplifaya inaona mzigo usio ule iliyoandaliwa kuubeba, na nguvu inarudi nyuma kuichoma. Kesho yake Barasa aliniamuru nilowanishe koti langu kwenye ndoo, nilivae, nisimame mlangoni mwa kibanda na redio kifuani, naye akaifungua na kuirekebisha hapohapo kwa kijiti, nikitetemeka. Watu wa soko walisimama kutazama.

"Fundi, umefanya nini?" mama mmoja wa viazi aliuliza.

"Anabatizwa," Barasa akajibu.

Tena aliweka betri iliyotumika nusu, si iliyojaa. "Betri iliyojaa husamehe kila kosa," alisema. "Mpigie hesabu mtu wa jioni, si wa asubuhi." Redio iliyorekebishwa hivyo mezani ilionekana ya kawaida tu. Kwenye ua ilikuwa nyingine kabisa.

Kisha tukapunguza nguvu ya kurusha sauti. Mwenyekiti wa kamati ya ua alikuja mbio.

"Ati mmepunguza? Sisi tulitaka iongezwe! Redio ikiwa na nguvu kidogo si ni kama trekta bila mafuta?"

Nilimwambia ukipunguza nguvu nusu, anayesikiliza hatajua tofauti, lakini betri itajua. Hakuamini. Tukamwomba Ndegwa, aliyekuwa na kipande kinachopakana na cha mke wangu ng'ambo ya mto, aite kwa redio ya zamani kisha kwa mpya, bila kusema ni ipi. Mwenyekiti alisikiliza zote mbili akiwa amefumba macho kama anaonja pombe.

"Haya, ni ipi yenye nguvu?" niliuliza.

"Zote ni sauti ya Ndegwa," alisema. "Zote ni mbaya." Akaondoka na hakuuliza tena.

Nimeandika mambo ya kuchekesha kwa sababu yalikuwepo. Tulicheka sana miaka hiyo. Mtu akikumbuka akiwa peke yake, hata kicheko kina uzito, lakini ni kweli kwamba tulicheka.

Sasa ile taa.

Kwenye uso wa redio za zamani palikuwa na kitaa kidogo. Kijani betri ikiwa nzuri, chekundu ikikaribia kwisha. Tulipokuwa tumemaliza amplifaya, tumefundisha sehemu ya kusikiliza iwe inalala na kuamka yenyewe, tukawa hatuna pengine pa kubana. Ukishaifikisha kazi hapo, unaanza kutazama vitu vidogo kwa jicho la njaa. Barasa aliipima ile taa. Ilikuwa inakunywa kidogo sana, lakini ilikunywa kutwa nzima bila kupumzika, na redio ikilala, taa ilikuwa macho.

"Huyu ni mgeni anayekula na halimi," Barasa alisema.

Tukamtoa. Tukakata waya wake kwenye redio zote na kuliziba tundu kwa gundi nyeusi. Hakuna aliyetulazimisha. Tulikuwa tumeipenda kazi yetu kupita kiasi, na tuliona fahari. Kipimo cha mwisho kilionyesha redio ikitoka asubuhi, ikifika jioni, na ikibaki na chaji ya kutosha kesho yake karibu yote.

Nyaguthii aliigeuza redio mkononi.

"Taa imeenda wapi?"

"Tumeitoa. Ilikuwa inakula betri."

"Na sasa nitajua aje kama iko na chaji?"

"Iko. Usiwe na wasiwasi, iko."

"Ati iko. Hata unga wewe husema uko, nikifungua debe napata nzi."

Nilicheka, nikasema atazoea. Na kwa kweli wote walizoea. Redio hazikuzimika tena kabla ya jioni. Lakini hawakuongea zaidi ya walivyokuwa wakiongea. Tshk moja, niko. Tshk mbili, njooni. Niliwaambia, kwenye mkutano na njiani, kwamba siku hizo zimepita, betri inatosha, ongeeni. Waliitikia kwa kichwa. Mtu aliyelala njaa miaka mingi, ukimwambia ghala limejaa na humfungulii mlango aone, ataendelea kula kidogo. Hilo nalijua sasa.

Barasa alirudi kwao Bungoma mwili ulipochoka. Mimi nilibaki na kibanda.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Nilikuwa nimepanda hadi ofisi ya ua kuikaza antena iliyolegezwa na upepo. Karani wa ofisi, Muthoni, msichana wa kutoka Kerugoya, alikuwa akinipikia chai. Mchana, chakula kikiwa kimeshaliwa, spika ikalia tshk, tshk. Kabla hatujainuka, sauti ikafuata.

"Ofisi, ofisi. Ni Nyaguthii. Nyati amenigonga."

Muthoni aliweka sufuria chini. Mimi nikashika maikrofoni ya redio.

"Mama Ciru, ni mimi."

"Wĩ, Baba Ciru. Uko hapo leo?" Sauti ilikuwa yake kabisa, karibu kama ya jikoni. "Ni sawa. Nisikize vizuri, sitarudia. Niko chini ya ule mwiri wa radi, upande wa bondeni. Ameenda. Ni kiuno na mguu, siwezi simama. Waya umelala hapo juu, nguzo mbili. Waambie waurudishe kabla ya jioni, ndovu wataingia kwa viazi za watu."

"Gari linakuja. Damu inatoka?"

"Iko. Nimefunga na leso. Sasa wacha nisimalize betri. Nitafinya."

Muthoni alikuwa tayari nje akimwita dereva. Gari la ofisi liliondoka, na baadaye tukajua lilizama kwenye tope kabla hata halijaingia msituni, likasukumwa, likazama tena. Ndegwa ndiye aliyekuwa karibu, lakini mto ulikuwa kati yao na ulikuwa umejaa. Aliniambia redioni anazunguka kwa daraja la juu, anakimbia. Kisha naye akanyamaza ili asiichukue hewa, maana redioni huongea mmoja tu kwa wakati.

Nikabaki na mke wangu.

Nilimwambia Ndegwa anakuja. Tshk. Nikamwambia gari limetoka. Tshk. Nikamwambia avute koti afunike kifua, mvua isimwingie. Tshk. Nilijua redio ile ndani kama ninavyojua mkono wangu. Nilijua ilikuwa imechajiwa usiku, kwa sababu mimi ndiye niliyeichomeka. Nilijua angeweza kuongea mpaka giza, na kupita giza. Nikamwambia.

"Mama Ciru, ongea. Betri iko. Usifinye tu, niambie kitu."

Ikapita kitambo. Kisha akafungua sauti, na nilisikia mvua nyuma yake na pumzi yake ikiwa fupi. Nadhani alikuwa anacheka.

"Hizo ni redio zako, Baba Ciru. Nazijua."

Tshk.

Nilimsihi. Nilimwambia hii si ile ya zamani, tumebadilisha kila kitu, Barasa aliipima mbele yangu. Tshk. Nilimuuliza kama ana baridi. Tshk. Nikamuuliza kama ana la kumwambia Ciru, aliyekuwa kazini hotelini Nanyuki na hajui lolote. Hapo hakufinya mara moja. Alikawia, kisha akafinya tshk, na nikaelewa kwamba analo, na kwamba atalisema watu wakifika, wakati betri haitakuwa na maana tena. Ndivyo walivyofanya siku zote. Sauti waliiweka kwa jioni.

Nikaendelea kuongea mimi. Sikujua kitu kingine cha kufanya. Nilimweleza antena ilivyokuwa imelegea, ndama alivyokunywa asubuhi, nilichokuwa nimeahidi kurekebisha kwenye paa na sijarekebisha. Yeye alifinya. Vimlio vikaanza kuachana. Muthoni alikuwa amesimama mlangoni akiwa amejifunika mdomo kwa kanga. Nikauliza, nikangoja. Nikauliza tena. Spika ilikuwa na ule uvumi wake mdogo wa hewa tupu, na ndani ya uvumi hakukuwa na kitu.

Ndegwa alifika kwa miguu. Aliita kwa redio yake, na hakusema namba ya nguzo wala jina la mtu. Alisema, "Fundi, nimefika kwake," kisha akasema, "Pole, fundi."

Ninyi ni vijana na mtapenda kuuliza kama angeishi gari lisingezama. Sijui. Daktari aliyemwona alisema alikuwa ameumia sana ndani. Redio haikumuua, na redio isingemponya. Iliita kwa nguvu iliyopunguzwa, kutoka bondeni, kwenye koti lililolowa, na kila kimlio kilifika. Amplifaya ilifanya kila kitu tulichoitaka ifanye. Sijawahi kuunda kitu kilichofanya kazi vizuri hivyo.

Ndegwa aliniletea vitu vyake: gambuti, panga, koleo, redio. Barasa alisafiri usiku kucha kutoka Bungoma akafika asubuhi ya mazishi, amekonda, ameshikwa mkono na mjukuu. Baada ya watu kuondoka alibaki amekaa kwenye benchi langu la kazi nyumbani.

"Iko wapi?" aliuliza.

Nilijua anauliza nini. Nikaileta. Tope lilikuwa limekauka kwenye kitufe, na sikuwa nimelifuta. Barasa alifungua mgongo wake, akatoa mita ya zamani yenye sindano, akagusisha nyaya zake mbili kwenye betri, kisha akaifungia mzigo wa kuvuta umeme ili isitudanganye.

Sindano ilipanda, ikakaa.

Aliondoa nyaya, akazirudisha, kana kwamba amekosea. Ilipanda tena mahali palepale.

"Bado iko," alisema.

"Bado."

"Kuitoa ile taa, lilikuwa wazo langu, Muriithi."

"Lilikuwa letu, mzee."

Aliweka kidole chake chenye vidoti vyeupe kwenye lile tundu tuliloziba kwa gundi, akakiacha hapo. Taa ingekuwapo, Nyaguthii angeitazama tu redio yake akiwa pale chini ya mti, angeona kijani. Hakuwa mtu wa kubisha na anachokiona. Alichokuwa akikibishia maisha yetu yote ni maneno yangu, na mara nyingi alikuwa na haki, na siku ile hakuwa na njia ya kujua kwamba hana. Lile neno alilomwekea Ciru limo ndani ya betri ile, nilifikiri. Najua si kweli. Betri haina maneno. Lakini nafasi ya kulisema ilikuwamo, nzima, haijaguswa, na sisi ndio tulioiweka humo kidogo kidogo kwa kijiti cha mwanzi.

Ciru aliniuliza mara moja tu kama mama alisema lolote. Nilimwambia ukweli, kwamba alikuwa na neno na aliliweka. Alilia, kisha akasema, "Huyo ni yeye." Hajauliza tena.

Barasa naye amelala kwao sasa. Kabla hajafa alinipigia simu, sauti imekwisha, akaniuliza kama nimezirudisha taa. Nilikuwa nimezirudisha. Nilitoboa gundi kwenye redio moja baada ya nyingine na kuunga waya upya, na ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho kabla ya kufunga kibanda. Redio sasa hazidumu kama zilivyodumu. Zinafika jioni na kupita kidogo. Inatosha.

Kwa hiyo someni vitabu vyenu. Jifunzeni kuifanya transista ilale, jifunzeni kuvipishanisha umeme na volti mlangoni, vaeni koti lililolowa, rekebisheni kwa betri ya jioni. Yote hayo ni kweli na nawaachia. Lakini mtafika siku ambayo hamtakuwa na pengine pa kubana, na mtakitazama kitaa kidogo kwenye uso wa redio, na mita itawaambia kwamba kinakula na hakilimi. Mita itakuwa inasema kweli. Muacheni mgeni huyo ale. Nguvu ambayo mwenye kuibeba hajui kwamba anayo ni kama haipo.

Siku hizi ofisi ya ua inalalamika kwamba watu wake wamekuwa wasemaji. Ndegwa akiona kijani huanza kueleza habari za magoti yake, na mwingine humjibu kutoka bonde la pili, na Muthoni huwakemea wapishe hewa. Nina redio moja hapa nyumbani, wameniruhusu. Jioni naiwasha na kusikiliza mpaka wa mwisho aseme amefika.

Yake iko kando, kwenye rafu. Hiyo peke yake sikuirudishia taa, wala sijaichaji. Betri ikikaa bila kutumiwa hupungua yenyewe, polepole, hakuna fundi anayeweza kuizuia. Juzi niliipima. Sindano haikupanda.